“Sisi wote tulipitia hapo”: kinachoharibika hotelini mfanyakazi mpya anapoonjeshwa joto ya jiwe

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msaidizi wa shefu mkuu katika hoteli moja hapa Arusha. Kwetu mfanyakazi mpya anaitwa kuruta mpaka atimize mwezi. Anaosha masufuria yote hata kama aliajiriwa kupika, anatumwa stoo kuomba vitu visivyokuwapo duniani, tipu zake zinakwenda kwa wakubwa, na mara moja moja anafungiwa kwenye friza dakika kadhaa, taa imezimwa. Upande wa usafi wa vyumba nao wana mambo yao. Msimu huu tumepokea vijana watatu jikoni, wawili wameshaondoka bila kuaga. Ofisa rasilimali watu ameniomba niandike maoni yangu. Shefu wetu anasema sisi wote tulipitia hapo na vijana wa siku hizi ni mayai. Mimi mwenyewe nilipitia, na leo napika vizuri. Je, kuna madhara ya kweli, au tukiacha tutakuwa tunawadekeza?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kwa moyo safi, na kwa sababu utakachoandika kinaweza kuamua kama yule kijana wa tatu atabaki.

Lakini suala la friza lisisubiri barua. Likome leo, kwenye zamu ya leo. Friza ya hoteli huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na feni yake inapuliza hewa hiyo bila kupumzika. Kijana anatoka mbele ya jiko la moto, koti limelowa jasho mgongoni, anaingizwa mle. Jasho lile linageuka baridi papo hapo. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Asiyevumilia mahali finyu anaanza kuhangaika gizani juu ya sakafu yenye barafu, na pembeni kuna rafu za chuma. Vyumba hivi huwa na mkono au kitufe cha kufungulia kwa ndani, ila nenda kaujaribu wa kwenu mwenyewe, maana nimeona mikono iliyoganda na nimeona iliyokatika miezi mingi nyuma bila mtu kutoa taarifa. Na aliyemfungia mwenzake huwa na nia ya kurudi baada ya dakika mbili. Halafu basi la watalii linaingia, oda zinaanza kutoka mfululizo, na yule aliyekusudia kurudi yuko kwenye grili ana nyama sita mbele yake. Hakuna ubaya uliokusudiwa, lakini mtu yuko ndani. Kumfungia mtu mahali bila ridhaa yake ni kosa la jinai katika nchi yetu, liwe la utani au la hasira, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana mwajiri anayeacha mahali pake pa kazi pawe pa hatari. Siku kijana akianguka mle, neno “tulikuwa tunamkaribisha” halitamsaidia shefu wala meneja wala wewe.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Unaniambia ulipitia na leo unapika vizuri. Nakuamini kwamba unapika vizuri. Naomba ukumbuke nani alikuonyesha kukata kitunguu bila kukiponda, nani alikuonjesha supu akakuambia chumvi bado, nani alikufundisha kusikia kwa sikio kwamba mafuta yamepata moto wa kukaangia. Kuna mtu alifanya hayo. Huyo ndiye aliyekufanya mpishi. Aliyekumwagia maji au kukunyima chakula cha mchana hakukuongezea hata kipimo kimoja cha ujuzi. Alikuwepo tu katika mwezi uleule.

Kwa nini basi sisi tuliopitia tunaamini kwamba mateso yalitujenga? Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwachukua wanafunzi wa kike wa chuo waliotaka kujiunga na kikundi cha mazungumzo. Baadhi waliingia bure, baadhi kwa jaribio jepesi, na wengine walitakiwa kusoma kwa sauti maneno ya aibu mbele ya mtafiti. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi hicho, ambayo yalitengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioaibishwa sana ndio waliyasifu zaidi. Mtu akishaumia ili aingie mahali, moyo wake haukubali kwamba aliumia bure, kwa hiyo anapandisha thamani ya kile alichokipata. Ona lakini jaribio lile lilipima nini: lilipima kupenda. Halikumfanya yeyote awe hodari wa lolote. Na hata huko kupenda kusichukuliwe kuwa ndiyo mshikamano wa timu. Mwaka 2022 Aldo Cimino na Benjamin Thomas walichapisha utafiti wao juu ya chama kimoja cha wanafunzi wa kiume huko Marekani, wakiwafuatilia wanachama wapya walipokuwa wanapitishwa kwenye mateso ya kweli, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba mateso yale yaliongeza mshikamano.

Kuna jambo jingine kuhusu ile “sisi wote”. Wanaosema maneno hayo jikoni ni wale waliobaki. Walioshindwa hawapo kantini wakati hadithi zinasimuliwa. Yule aliyekuwa na mkono mzuri wa keki akaondoka wiki ya pili, sasa ana kibanda chake cha maandazi au amerudi shamba, hakuna anayemtaja. Kwenu msimu huu “sisi wote” ni mmoja kati ya watatu.

Madhara makubwa kuliko yote hutayaona usoni mwa kijana. Ukimtazama, atacheka na nyinyi. Madhara yako kwenye kile anachoacha kukisema, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo hoteli inapoumia bila kujua inaumwa wapi.

Chukua mchezo ambao watu wanaona hauna ubaya kabisa, ule wa kumtuma mgeni stoo akaombe ndoo ya mvuke au kisu cha kukatia maji. Anakwenda, mtunza stoo ameshapewa taarifa, anamrudisha kwa mtu wa mapokezi, na mtu wa mapokezi anamrudisha jikoni. Wote wanacheka. Kijana amejifunza mambo mawili siku hiyo: kwamba agizo la mkubwa linaweza kuwa uongo, na kwamba kuuliza ni kujianika. Wiki inayofuata ni bafe ya mchana. Yuko upande wa saladi. Mhudumu anakuja mbio: mgeni wa meza ya tisa anataka kujua kama ile sosi ya kahawia ina karanga. Kijana hajui. Aliyeitengeneza ni yuleyule aliyemtuma ndoo ya mvuke, na sasa hivi amempa mgongo, anageuza kuku. Kijana anaitazama sosi, anaitazama ile migongo, anamjibu mhudumu, “Haina.” Neno moja. Mwenye mzio wa karanga koo linaweza kuvimba ndani ya dakika chache, na kutoka kwenye hoteli nyingi za ukanda wenu mpaka hospitali yenye uwezo wa kumhudumia ni safari.

Wageni wenu wengi wanatoka Ulaya. Huko, tangu Desemba 2014, sheria inamlazimu anayeuza chakula kumweleza mteja kama kina kitu chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio: karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki, ngano na jamii yake, na kadhalika. Wamezoea kuuliza na kupewa jibu la kweli. Hawajui kwamba jibu linategemea kama kijana wa saladi alichekwa wiki iliyopita.

Mfano wa pili ni wa kuungua. Kupitisha sufuria la moto kwa mtu mpya bila kumwonya ni “ubatizo” wa majiko mengi. Anaungua kwenye kifundo cha mkono. Kinachotakiwa ni kuuweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na mtu mwingine ashike nafasi yake. Lakini dakika 20 kwenye sinki ni dakika 20 za kuitwa yai. Anashusha mkono wa koti, anaendelea. Jioni lengelenge limepasuka chini ya nguo, kesho kutwa lina usaha, na yeye anachanganya saladi ya viazi kwa mkono uleule. Kwenye kidonda cha namna hiyo huishi bakteria aina ya Stafilokokasi, ambao wakizaliana kwenye chakula wanaacha sumu isiyoondoka hata ukikipasha moto. Wageni kumi na wawili wanatapika usiku. Mnachunguza viazi, mnachunguza mayonezi, mnambadilisha msambazaji. Hakuna anayeuliza habari za mkono, kwa sababu daftari la ajali halina hata mstari mmoja.

Na daftari tupu la ajali si sifa. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, sasa profesa wa Harvard, alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitegemea kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye viongozi wazuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona sababu: huko watu waliweza kusema “nimekosea” bila kuadhibiwa au kudhihakiwa, na kosa lililosemwa linarekebishwa. Kwingine makosa yalifichwa. Jiko na wodi vinafanana zaidi ya watu wanavyodhani: kasi, moto, visu, zamu za usiku, na mtu mmoja anapokea alichoacha mwenzake.

Kwa kijana mwenyewe madhara yanajulikana. Hawa unaowaita kuruta huanza kukosa usingizi usiku wa kuamkia kazi, tumbo linavuruga, mikono inatetemeka mbele ya wakubwa kisha wanavunja vyombo, na kila chombo kikivunjika wanachekwa zaidi. Heinz Leymann, aliyechunguza unyanyasaji wa kundi kazini huko Sweden tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba mtu akiandamwa na kundi kila wiki kwa miezi, anaweza kuumwa kweli, mpaka akashindwa kufanya kazi mahali pengine popote. Wengine wanapata njia ya mkato ya kukubalika: wanakunywa na wakubwa baada ya zamu, pesa ya mshahara inaishia hapo. Na kwa hoteli na kambi za porini hali ni ngumu mara mbili, kwa kuwa kijana anayenyanyaswa jikoni analala bweni moja na wanaomnyanyasa, gari la kutoka linakuja mara chache, na simu inashika ukipanda kilimani.

Umegusia upande wa vyumba kwa maneno machache, nami naona hapo kuna zito kuliko yote uliyoyataja. Binti mpya anapangiwa vyumba vyote vya wageni waliotoka, ambavyo ndivyo vizito, na wenzake wanabaki na vya kutandika tu. Hilo ni uonevu wa kazi na linarekebishika kwa ratiba. Ila ipo hoteli ambako binti mpya hutumwa peke yake kwenye chumba cha mgeni ambaye kila mtu anajua ana tabia ya kushikashika wahudumu, na waliomtuma wanasubiri kwenye korido waone atatoka na uso gani. Kuna pia msimamizi anayemwambia kwamba ratiba nzuri ina bei. Haya yasiitwe ukaribisho hata kidogo. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai Tanzania, na anayemsukuma mwenzake kwenye hatari hiyo akijua hawezi kusema alikuwa anatania. Waulize mabinti wenu, na aulize mwanamke mwenzao wanayemwamini, faragha, asiwe msimamizi wa ratiba.

Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, lilitaja wazi kwamba unawahusu pia wanagenzi na walio kwenye mafunzo, na kwamba mahali pa kazi ni pamoja na bweni la mwajiri, mahali pa kula, na safari ya kwenda na kurudi kazini. Pendekezo Na. 206 linaloambatana nao linataja sekta ya ukarimu miongoni mwa zile zenye hatari kubwa zaidi. Sababu si kwamba watu wa hoteli ni wabaya. Ni kazi ya usiku, ya pombe, ya kumpendeza mgeni kwa gharama yoyote, yenye ngazi nyingi za vyeo na vijana wengi wasio na mkataba. Na tendo moja linatosha kuitwa unyanyasaji chini ya mkataba huo. Wanafunzi wenu wa fildi kutoka vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Utalii wamo ndani yake.

Najua shefu wako atauliza: basi tusiwe wakali? Muwe wakali. Jiko halina nafasi ya ulegevu. “Moto nyuma!” ya anayepita na sufuria la moto lazima isemwe kwa sauti kubwa. Sahani yenye alama ya kidole irudi. Kijana aliyekata kuku na kisu kilekile akahamia nyanya asimamishwe palepale, na kama ni kwa ukali, sawa. Pima hivi: baada ya tendo hilo, kijana anajua nini ambacho jana hakukijua? Akiwa ameosha masufuria kwa sababu kila mtu jikoni huosha kwa zamu, na ameonyeshwa kwa nini sufuria la sosi halisuguliwi kwa waya, huyo anafundishwa. Akiosha yeye peke yake mwezi mzima wakati mkataba wake unasema mpishi, kinachofundishwa pale ni nani yuko chini ya nani, na hilo alilijua tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaotetea mateso kwa kusema jiko ni jeshi, mpangilio wake umetoka jeshini. Ni kweli Auguste Escoffier, Mfaransa aliyepika jeshini wakati wa vita vya 1870 na baadaye kuendesha jiko la hoteli ya Savoy mjini London, ndiye aliyegawa jiko kwa vitengo na vyeo kama tunavyovijua leo. Alianza kazi akiwa na miaka 13 katika mgahawa wa jamaa yake mjini Nice, akaona vipigo na matusi ya wakati huo. Alipokuwa mkubwa wa jiko alipiga marufuku matusi, kelele na ulevi kati ya wapishi wake. Nidhamu aliichukua, ukatili akauacha. Mwambie shefu hilo, ni historia ya fani yake.

Tipu sasa, na hapa sitakwepa kusema: hiyo ni pesa ya mtu mwingine. Kama hoteli ina sanduku la pamoja na utaratibu ulioandikwa wa kugawana, mfanyakazi mpya aingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, kwa kiwango kinachojulikana. Kumwambia “tipu za mwezi wa kwanza ni za wakubwa” hakuna jina zuri. Nawajua vijana wanaotegemea tipu kwa nauli ya daladala, kwa sababu mshahara wa kwanza haujatoka. Uonevu unaofanana na huo ni kukata mshahara kwa glasi zilizovunjika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri hawezi kukata kwa hasara mpaka iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyopigwa hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Glasi zilizoanguka kwa sababu mtu alimsukuma kiwiko ili wacheke hazimo humo. Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi. Yanaweza kupunguzwa mpaka saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, kwa mfano akiwa anaishi hapohapo kazini. Ile desturi ya kumpa kuruta zamu ya kufunga usiku wa manane kisha kumpa ya kufungua alfajiri haipiti popote hapo.

Kuhusu wale walioondoka na huyu aliyebaki, ujue wamesimama wapi kisheria. Mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawezi kudai kuachishwa kazi isivyo halali. Ndiyo maana wengi wanadhani mgeni hana haki yoyote, na kumbe zipo: mshahara wake, mapumziko, usalama wake, kinga dhidi ya kubaguliwa na kusumbuliwa kwa kabila, dini, jinsia au umri, pamoja na kesi za jinai. Kwa aliyevuka miezi hiyo, sheria inahesabu kwamba mwajiri aliyeifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaacha mwenyewe, amemwachisha yeye. Mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Hayo ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Chama cha CHODAWU kinawapokea wafanyakazi wa hoteli, na mwakilishi wake akiwepo kwenye kikao chenu itakuwa vizuri, kwa kuwa kijana wa wiki ya tatu hatasimama peke yake kumshitaki shefu.

Sasa ufanye nini wewe, uliye katikati? Kwanza usianze na bango ukutani. Nimeona mabango mazuri ya “heshima kwa wote” yakiwa yamening’inia juu ya sinki lilelile ambalo kuruta anapigwa maji. Anza na mtu. Kila anayeingia apewe mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, wa kitengo chake, kwa mwezi wa kwanza, na mlezi huyo apunguziwe kazi kidogo ili apate muda wa kufundisha. Chagua kwa uangalifu. Aliyemaliza mwezi wake wa ukuruta juzi mara nyingi ndiye mkali kuliko wote, kwa sababu bado anadai alicholipishwa. Mlezi mzuri ni yule ambaye watu humwendea kuuliza bila kuangalia nyuma kwanza.

Pili, kikao cha kabla ya zamu kiwe na swali linaloulizwa na mkubwa. Wewe mwenyewe simama useme, “Sosi hii ya leo sijui kama stoo walileta siki ileile, nani amesoma lebo?” Watu wanajifunza kuuliza wakiona mwenye cheo anauliza. Hakuna hotuba itakayoshinda hilo.

Tatu, usiondoe mila ukaacha shimo. Watu wanapenda mgeni apokewe kwa tendo fulani, na wako sahihi. Hoteli moja niliyofanya nayo kazi ilimwachia mpishi mpya chakula cha wafanyakazi cha Ijumaa ya kwanza: apike cha kwao. Kijana wa Meru alipika loshoro, mwenzake wa Kilimanjaro akaleta mtori, binti wa Tanga akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na msaidizi wa grili aliyejulikana kwa kuwatesa wageni alikwenda kumuuliza binti yule anavyokamua tui la pili. Siku hiyo mgeni alikuwa mwalimu kwa saa moja mbele ya jiko zima. Wakubwa walipata cha kuonja, cha kubishana na cha kusimulia, bila mtu kuumia.

Na shefu wako: usimuumbue kwenye kikao. Mwendee peke yake, saa ya utulivu baada ya chakula cha mchana, kwa heshima yake. Usimwambie amekosea maisha yake yote. Mweleze habari za sosi na karanga, mweleze za mkono ulioungua, kisha muulize yeye angependa kijana afanye nini katika hali ile. Atakuambia, “Aniulize.” Hapo mwachie atafakari mwenyewe kwa nini haulizwi. Mtu aliyeteswa ujanani akiambiwa mateso yake hayakuwa na faida, anasikia kama anaporwa kitu; mpe nafasi ya kuwa yeye ndiye aliyeikomesha desturi hiyo. Akikataa kabisa, na friza ikaendelea, basi suala limeshatoka mikononi mwako na mwake, lipeleke kwa meneja kwa maandishi na ubaki na nakala.

Barua yako kwa ofisa rasilimali watu iwe fupi. Andika ulichokiona kwa macho, siku na mahali, bila kuongeza. Andika gharama ambazo meneja anazijua tayari: sare mbili, vipimo vya afya vya watu wawili, wiki za kuwafundisha, na nyinyi kubaki na watu pungufu katikati ya msimu.

Kabla hujaipeleka, wapigie simu wale vijana wawili. Usiwaombe warudi. Waulize siku waliyoamua kuondoka ilikuwa siku gani na kulitokea nini, kisha unyamaze usikilize. Waulize pia tipu zao zilikuwa kiasi gani, na kiasi hicho kiingie kwenye barua kama deni ambalo hoteli inapaswa kuwalipa.